Kiti cha Nyuma

Fundi wa mipira ya vioo hakuhitaji mtu wa kumsifu, maana kazi hiyo aliifanya mwenyewe kutwa nzima. Wenzake pale gereji walihangaika na injini, breki na nyaya za umeme. Yeye shughuli yake ilikuwa ile mipira myeusi inayozunguka vioo vya magari na kuzuia mvua, vumbi na upepo. Ukimletea gari linalopiga mluzi likikimbia, alifumba macho, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa kioo, akatangaza, "Hapa pamechoka, hapa pamekufa, na hapa sijui mlikuwa mnaendeshaje." Na kweli, ungekuta pamekufa. Hilo tumpe. Mtu anayeijua kazi yake ana haki ya kuringa kidogo, ingawa huyu neno kidogo hakulijua.

Jumamosi ile gari lililokuwa mbele yake lilikuwa la dada yake. Lilikuwa refu, la kizamani, lile la buti lililoungana na viti, na umri wake ulimzidi mtoto wa kwanza wa dada. Mipira ya milango yote minne ilikuwa imekauka na kukatikakatika, ukiigusa inabaki mkononi. Kioo cha dereva ndicho kilikuwa kichekesho. Kilikuwa na miaka miwili hakijafika juu. Kilipanda hadi katikati, kikakwama kwenye mpira uliojikunja, kikagoma. Dada alishazoea. Mvua ikinyesha alivaa koti la mvua ndani ya gari na kuendelea na safari zake, na waliomwona barabarani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Leo badilisha yote, mdogo wangu," alisema akimkabidhi funguo. "Sitaki Mama apigwe na baridi njiani. Safari ni ya mwendo wa saa mbili, na nyuma kule upepo unamwingia shingoni."

"Dada, ukitoka hapa hata mbu hatapata pa kupita."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kumhamisha Mama. Saa kumi alasiri mpangaji angekabidhiwa ufunguo wa nyumba, na Mama angepakiwa kwenye gari pamoja na vitu vyake, apelekwe kuishi chumba cha uani kwa dada. Nyumba yenyewe Mama aliijenga kwa mshahara wake, tofali kwa tofali, miaka kumi na moja. Lakini ilikuwa imeshaamuliwa. Mama hakuwa tena wa kuachwa peke yake.

Kwa miaka thelathini na moja Mama alikuwa karani wa masjala, kwenye ofisi yenye majalada mengi kuliko watu wa mji ule. Wakubwa walikuja wamechanganyikiwa wakiulizia jalada la kesi ya mwaka gani sijui, naye bila kuinua macho kwenye chai yake akasema, "Rafu ya saba, la nne kutoka kushoto, jalada la kijani, limechanika pembeni." Nyumbani hakukuwa na mtoto aliyewahi kumdanganya akafanikiwa. Alikumbuka ulichosema, siku uliyosema, na nguo uliyokuwa umevaa.

Sasa mwanamke huyo alikuwa amepotea. Kila Alhamisi dada alimfuata nyumbani kwake, akamweka kiti cha nyuma, maana mkanda wa kiti cha mbele ulikuwa mbovu, akampeleka hospitali kupimwa presha. Njiani walipitia gereji, fundi akaja dirishani kumwamkia. Basi dakika zile tano ndizo alizomwona mama yake kwa mwaka mzima, na zilimkata maini. Mama alikuwa amejiinamia, macho mazito, mate yamemkauka. Siku moja alimtazama mwanawe wa kumzaa, akamwuliza, "Kaka, umekuja lini?" Fundi alijibu kwamba amekuja jana, kisha akaenda nyuma ya choo cha gereji akalia kama mtoto.

Hospitali nako mambo yalikuwa yaleyale. Daktari, akimpima kumbukumbu, alimwambia achore saa ya ukutani. Mama akapanga namba zote upande mmoja, halafu akaweka kalamu chini na kuomba pa kutapikia. Aliulizwa majina ya wajukuu, akataja mawili kati ya matano. Wiki tatu zilizopita dada alimpa fomu ya kupangisha nyumba, wakiwa bado ndani ya gari, hospitali. Mama aliiweka juu ya paja, akauliza mara mbili ni karatasi ya nini, akatia sahihi.

Kujitetea alijitetea. Alisema tangu mwanzo, "Ni hilo gari lenu. Nikikaa humo muda kidogo, kichwa kinabanwa kama kimefungwa kitambaa kibichi, halafu maneno yananikimbia. Najua kitu ni nini, jina silioni. Nikilala nikaamka nyumbani kwangu, sina neno."

"Ndivyo wanavyosema wote," dada alimnong'oneza fundi. "Hawakubali. Watasingizia chochote."

Hata jirani wa Mama, mama mmoja muuza vitambaa, alimpigia dada simu kusema mzee wa watu yuko timamu, jana tu kamkosoa hesabu. Dada alishukuru, akakata simu, akasema Mama anajua kujikaza mbele ya watu. Walikuwa watoto wema wale, nisieleweke vibaya. Walimpenda mama yao. Walimpenda huku wakimjibu kama mtu anayemjibu kasuku.

Fundi alianza kazi saa mbili asubuhi. Alifungua ubao wa ndani wa kila mlango, akauvuta mpira wa zamani ukatoka vipandevipande, akakwangua gundi kuukuu kwa wembe, akafuta kwa kitambaa chenye petroli mpaka bati likang'aa. Kile kitambaa kilitoka cheusi tii kila alipofuta milango ya nyuma, weusi wa mafuta mafuta, naye akasema moyoni, barabara za siku hizi zina vumbi baya. Kisha akakata mpira mpya, akiacha upana wa kidole zaidi ya kipimo, kwa kuwa mpira husinyaa ukishakaa juani. Aliupachika kuanzia pembeni, akiusukuma kwa bisibisi butu, bila kuuvuta hata kidogo. Wanaojifunza huuvuta, ukawa mzuri siku ya kwanza, na mwezi ukiisha pembe zote ziko wazi. Mwisho akapaka poda kwenye mfereji ili kioo kiteleze.

Saa tano na nusu kioo cha dereva kilipanda. Kilipanda polepole, kikapita pale kilipokuwa kinagomea, kikafika juu kabisa na kuingia mahali pake bila mlio. Dada alipiga makofi. Fundi akakata kipande cha gazeti, akakibana kati ya kioo na mpira, akamwambia avute. Dada alivuta mpaka gazeti likachanika, nusu likabaki limebanwa.

"Umeona?" fundi alisema. "Hiyo ndiyo kazi. Wengine wanabandika, mimi nafunga."

"Haya bwana, tumekusikia. Tumalize, Mama anangoja."

Ilibaki jambo moja. Fundi huyu hakuwahi kuachia gari bila kuketi ndani yake, milango imefungwa, injini inaunguruma, huku mtu akimwaga maji nje. Mafundi wengine walimcheka kwamba anapoteza petroli ya watu. Aliwajibu kuwa gari lililozimwa ni la uongo. Likitetemeka ndipo mpira husema kama umekaa au haukukaa. Kwa hiyo akaliwasha, likiwa limeupa mgongo ukuta wa gereji, akaingia kiti cha nyuma, pale pale anapokaa Mama, maana ndipo alipotaka pawe pakavu kuliko pote. Dada akachukua bomba, akaanza kumwagia maji mlango wa kushoto.

Ndani palikuwa kimya, na fundi akafurahi mwenyewe. Maji yalishuka kiooni, hakuna hata tone lililopenya. Alipitisha kidole kila upande, akamwonyesha dada kwa mkono ahamie mlango wa pili, halafu wa tatu. Akasogeza sikio kwenye mpira. Zilipita kama dakika kumi na tano. Alihisi usingizi kidogo, akajiambia ni njaa, kwani tangu asubuhi alikuwa hajala.

Kwenye mlango wa nne aliona pembe moja ya mpira imeinuka. Akataka kumwambia dada asimamishe maji ampe ile... Akanyamaza. Ile nini? Kumbe alikuwa nayo mkononi. Akaitazama. Ilikuwa na mpini mwekundu na chuma kirefu, aliijua kazi yake, alikuwa ameishika kila siku ya maisha yake tangu aache shule, na jina lake halikuwepo. Alilitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni. Hakukuwa na kitu. Kichwa kilikuwa kimeanza kubana pande zote, taratibu, kama mtu amekifunga kitambaa kibichi na anaendelea kukaza.

Hapo akashtuka. Maneno yale hayakuwa yake. Alikuwa ameyasikia mara ngapi! Aliyasikia akiwa amesimama hapo nje, dirishani, akitikisa kichwa kwa huruma.

Alitaka kutoka. Akashika mkono wa mlango, akasahau unavutwa au unasukumwa. Akakigonga kioo. Dada, aliyekuwa nje na bomba lake, alimwona mdogo wake amekodoa macho na kufungua mdomo bila kusema, akadhani ni mizaha yake, akamwelekezea maji usoni kupitia kioo, akicheka.

"Hayaingii! Nimeona, hayaingii! Fundi wewe!"

Fundi aligonga tena, safari hii kwa paji la uso. Kicheko kikamkatika dada. Alitupa bomba, akaufungua mlango kwa nguvu, na mdogo wake akaangukia nje kwenye maji na matope, akatapika hadi akabaki anatapika hewa.

"Nini? Nini? Umekula nini?"

"Mama," alisema fundi. Ulimi ulikuwa mzito. "Hivi ndivyo... Dada, ni hivi."

"Ni hivi nini? Sema, unanitisha!"

"Ni gari."

Kelele zilimleta fundi wa eksozi, yaani mabomba ya moshi, wa banda la pili, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Masizi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiwa safi. Masizi hakuuliza mtu kitu. Alinusa, akanyoosha mkono akazima injini, akaifungua milango yote na buti, kisha akamkokota fundi mpaka kwenye upepo na kumwegemeza mtini. Akarudi kwenye gari, akainua zulia la buti.

"Njooni muone," alisema.

Sakafu ya buti ilikuwa imeliwa na kutu. Chini ya zulia palikuwa na tundu, na kupitia tundu lile ungeweza kuiona eksozi, imepasuka kwenye maungio, imekaa chini ya tundu barabara kama iliyopangwa. Zulia upande wa chini lilikuwa jeusi, weusi ule ule wa mafuta mafuta.

"Huu moshi mnaouona si kitu," Masizi alisema. "Unaoua haunuki wala hauonekani. Mtu anasinzia tu. Nani hukaa nyuma?"

Dada alikigeukia kiti cha nyuma.

"Mama yetu," alijibu fundi.

"Kwa muda gani?"

"Kila Alhamisi. Kwenda na kurudi. Mwaka sasa."

Masizi alivua kofia. Alimgeukia dada. "Na wewe dereva, hudhuriki?"

"Kioo changu hakifungi," dada alisema. "Kilikuwa hakifungi."

Wote watatu wakageuka kukitazama kioo cha dereva. Kilikuwa kimefunga vizuri ajabu, na nusu ya kipande cha gazeti bado imebanwa juu yake.

Fundi aliiwaza safari ya alasiri. Safari ya saa mbili. Mama nyuma, dada mbele, vioo vinne vimepanda, mipira mipya, hata mbu hana pa kupita. Upepo ule uliokuwa unamwingia Mama shingoni, ule aliojisifu kwamba ameukomesha, ndio uliomweka hai mwaka mzima. Naye ameuziba asubuhi ya leo, mlango mmoja baada ya mwingine, kwa ufundi wote aliojaliwa. Laiti angekuwa fundi mbovu. Laiti angekuwa kama wale wanaobandika. Akaketi chini pale pale.

Dada alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, mikono kichwani. "Nilikuwa nampeleka hospitali," alisema. Akarudia, kama asiyeamini masikio yake. "Jamani, nilikuwa nampeleka hospitali! Daktari aliniuliza huwa anaanza kuumwa saa ngapi. Nikamwambia tukiwa njiani. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Tukiwa njiani! Na hakuna aliyesikia, hata mimi mwenyewe."

"Na pale alipochora saa," fundi alisema, "zilikuwa zimepita dakika ngapi tangu atoke kwenye gari?"

Dada alianza kulia kwa sauti, bila kuficha uso, na watu waliokuwa wakipita getini wakasimama.

Masizi aliwapeleka kwa pikapu yake. Fundi alikaa nyuma kwenye bodi, kichwa bado kinamgonga, upepo ukimpiga usoni. Alikuwa anawaza jambo la aibu: hajafika nyumbani kwa mama yake tangu mwaka jana. Kazi nyingi, na Alhamisi si humwona? Wote wawili walimjua Mama wa kwenye gari. Dada mwenyewe alimkuta getini na mkoba wake tayari, salamu, panda, twende. Wa nyumbani hawakumjua.

Aliyefungua mlango ni huyo wa nyumbani. Amevaa miwani, kalamu imechomekwa kwenye kilemba, macho makali.

"Mbona umelowa?" alimwambia fundi kabla hajaamkiwa. "Na matope hayo usiniletee ndani, nimeshapiga deki kwa ajili ya mpangaji. Wewe mwenzangu umelia. Nani kafa?"

Walikuwa wanamkodolea macho. Fundi alihesabu kichwani: hakuwa ameisikia sauti hiyo, kwa wepesi huo, kwa zaidi ya mwaka.

Sebuleni maboksi kumi na manne yalipangwa ukutani, kila moja na namba yake, na juu ya la kwanza palikuwa na karatasi yenye orodha, mistari imepigwa kwa rula. Lakini si hayo yaliyomchoma fundi. Kuta zilikuwa zimebandikwa vikaratasi. Mlangoni: *Makomeo mawili. Hakikisha.* Juu ya jiko: *Umezima?* Kwenye kabati: *Dawa ya asubuhi umekunywa, usirudie.* Mwandiko ulikuwa ule wa masjala, herufi zimesimama wima. Mama aliwaamini. Walimwambia akili inamtoka, naye kwa utii wa karani akaanza kuifungulia jalada.

Fundi alipiga moyo konde, akasema yote. Alisema mwenyewe, hakumwachia dada. Alieleza tundu, eksozi, kiti cha nyuma, bisibisi iliyopotea jina. Mama alisikiliza amesimama.

"Tundu lina ukubwa gani?"

"Kama ngumi, Mama."

"Ngumi ya nani?"

Fundi alikunja ngumi yake, akaionyesha. Mama aliitazama sana. Kisha akavuta kiti akaketi, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima."

"Tutapima upya," dada alisema. "Kwa gari la mtu mwingine. Wapime damu, wapime kila kitu. Huenda umeathirika kidogo, hatujui. Lakini Mama, ulitwambia. Ulitwambia na hatukukusikiliza. Tusamehe."

Mama hakusema amesamehe. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa kushikwashikwa. Akaikunjua na kuiweka mezani. *Mrefu mwenye alama kidevuni: mwanao wa pili, fundi. Mwenye gari: mwanao wa kwanza, anakupenda, usimgombeze.* Chini yake wajukuu watano, mmoja mmoja, na kitu cha kuwatambulia.

"Nilikuwa naisoma usiku kabla ya kulala," alisema. "Niliogopa nitaamka asubuhi siwajui. Ninyi mmenitisha, wanangu. Mmenitisha mwaka mzima ndani ya nyumba yangu."

Fundi alilia. Hakwenda nyuma ya choo safari hii. Dada alishika simu, akampigia mpangaji akamwambia nyumba haipangishwi tena, aliyekosea ni yeye, naye apige kelele anavyotaka. Mpangaji akapiga kelele kweli, sebule nzima ikasikia. Dada alisubiri amalize, akaomba radhi, akakata.

"Haya," Mama alisema, akifuta miwani. "Vitu vyangu virudi vilikotoka. Msifungue ovyo. Mimi nasema, nyie mnafungua."

Alikaa wima, akafumba macho, akaiacha ile orodha pale ilipo. Masizi, aliyekuwa bado kasimama mlangoni asijue aondoke au abaki, alisogea aone.

"Moja, sufuria na mifuniko. Mbili, mapazia. Tatu, vyeti, barua za kazi na picha. Nne, vikombe vya wageni, sita, kimoja hakina mkono."

Fundi alifungua moja baada ya jingine hadi la nne. Vikombe sita, akakigeuza cha mwisho, hakina mkono. Mama aliendelea, tano, sita, saba, bila kusitasita, na kila boksi lilitoa alichosema. Masizi akaanza kucheka kwa raha. Dada alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Walipofika kumi na tatu fundi alitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie.

"Kumi na nne," Mama alisema.

Akanyamaza. Paji la uso likakunjamana. "Kumi na nne..." Alifumbua macho, akalitazama boksi lenyewe, dogo, limefungwa kamba. "Hilo silikumbuki."

Fundi na dada yake walitazamana.

Haikuchukua hata nusu ya kupepesa macho. Kila mmoja angeapa kwamba hakufanya hivyo. Lakini walitazamana, mtazamo ule ule waliopeana kila Alhamisi dirishani mwa gari, juu ya kichwa cha Mama, na Mama akauona. Kicheko cha Masizi kikafa mlangoni.

Mama aliwaangalia kwa zamu, mmoja, kisha mwingine. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Boksi la tatu," alisema, "nimewatajia sasa hivi, mkiwa mmesimama hapo. Lina nini?"

Fundi alifungua mdomo. Boksi la tatu. Alikuwa amelifungua kwa mikono yake mwenyewe.

"Mashuka?" dada alijaribu.

"Mashuka ni boksi la tisa," alisema Mama.

Nao wakabaki wamesimama mbele yake, watu wazima wawili, wakitafuta.